Mlango Uko Wazi, Miguu Imefungwa: Nani Kasema Paka Aliyevunjika Kiuno Atupwe?



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, na sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, wapo watakaoicheka mada ya leo. Watasema ustadh kaishiwa, sasa anatuandikia habari za paka. Waacheni wacheke, ila wasome mpaka mwisho, kwa sababu hapa hazungumzwi paka peke yake. Inazungumzwa desturi iliyoingia katika majumba yetu, tena majumba ya watu wanaosali, kwamba kiumbe kikishavunjika kisiweze tena kutufaa, kinatiwa kwenye gunia na kupelekwa mbali, huko kisikoonekana.

Sisi wa Buyenzi, hapa Bujumbura, tunaishi mtaa wa mafundi magari. Kila unapopita kuna gari limeinuliwa kwa jeki, na chini ya magari kuna paka wamelala kivulini. Gari likirudi nyuma, wengi huwahi kukimbia. Asiyewahi hupitiwa na tairi mkiani au kiunoni. Mwingine hubanwa mkia na mlango wa chuma. Mwingine, na hili ndilo la aibu zaidi, huvutwa mkia na watoto wetu mpaka mishipa ikaachia. Kisha anarudi nyumbani akijiburura, mkia umelegea kama kamba, mkojo unamchuruzika. Yule aliyekuwa jana akimfukuza panya stoo, leo anaitwa uchafu. Na hukumu hutolewa kabla chai haijapoa: "Mtoeni."

Mimi nasema hukumu hiyo ni dhuluma, na wanaoitoa hawana hoja ya dini wala ya akili. Insha Allah nitaonyesha kwa nini.

KWANZA TUJUE AMEPATWA NA NINI

Watu wengi wakimwona paka anaburura miguu ya nyuma husema "kavunjika mgongo, kwisha habari yake". Si kila mara. Ndani ya uti wa mgongo inapita mishipa ya fahamu, ambayo ndiyo inayopeleka amri ya ubongo mwilini na kurudisha habari za maumivu. Ile ya sehemu ya chini kabisa ndiyo inayoendesha mkia, kibofu cha mkojo na njia ya haja kubwa. Mkia ukivutwa kwa nguvu au ukikanyagwa na tairi huku paka anajinasua, mishipa hiyo hunyooshwa kupita kiasi. Ikiwa imenyooshwa tu au imevimba, inaweza kupona. Ikiwa imekatika kabisa, hilo ni jambo jingine.

Ndiyo maana yupo paka anayetembea vizuri kwa miguu yake minne lakini mkia umekufa na hawezi kukojoa. Watu humwona anatembea, wakadhani amepona, na baada ya siku mbili tatu wanamkuta amekufa. Kibofu kilijaa, mkojo ukakosa njia, figo zikashindwa na sumu ikamrudia mwilini.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mkojo kuchuruzika si dalili kwamba anakojoa. Mara nyingi ni kinyume chake. Kibofu kimejaa pomoni, na kinachotoka ni kile kilichozidi, kama pipa lililofurika. Ukimshika tumbo, chini karibu na miguu ya nyuma, utakuta kitu cha duara kama limau au kikubwa zaidi, kimekaza. Huyo anahitaji msaada siku hiyo hiyo.

Na mishipa ya fahamu haiponi kwa haraka ya jeraha la ngozi. Inapoota upya huota kwa takriban milimita 1 kwa siku. Kwa hiyo anayempa paka siku tatu kisha akasema "hakuna mabadiliko, mtupeni", huyo hakungoja chochote. Madaktari wa wanyama, kwa paka aliyeumia mishipa ya mkia na kibofu, husubiri kiasi cha mwezi mmoja ndipo wakate tamaa. Na paka ambaye bado anahisi ukimminya kwenye shina la mkia ana matumaini makubwa ya kurudi kukojoa mwenyewe.

HOJA ZAO NA MAJIBU YAKE

Sasa tuzichukue hoja moja moja, kama tunavyowafundisha wanafunzi: sikiliza hoja ya mwenzio yote, kisha jibu.

Hoja ya kwanza: "Ni paka tu, na sasa hana faida."

Imamu Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi'i, aliyefariki Misri mwaka 660 Hijria (1262), ana kitabu mashuhuri kiitwacho Qawaid al-Ahkam. Humo ameorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu. Ya mwanzo aliyoitaja ni kwamba mwenye mnyama amgharamie kwa kiasi anachostahili mnyama wa aina yake, hata kama mnyama huyo amelemaa au amegonjweka kiasi kwamba hana tena manufaa yoyote. Amesema pia asibebeshwe asichokiweza.

Umeona, ndugu yangu? Hiyo "hana faida" unayoifanya hoja ya kumtupa, yeye Imamu aliiona zaidi ya miaka 700 iliyopita na akaifunga mlango. Hakusema haki ya mnyama inakwisha faida inapokwisha. Amesema haki inabaki hata faida ikiondoka. Kama haki ya chakula ingetegemea kukamata panya, isingekuwa haki, ingekuwa mshahara.

Hoja ya pili: "Sikumfunga mimi. Nimemwacha huru, Allah atamruzuku."

Hii ndiyo hoja inayosemwa kwa sauti ya uchamungu, na ndiyo mbovu kuliko zote. Tunaijua sote hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia mpaka akafa. Hakumlisha wala hakumwachia aende akajitafutie wadudu wa ardhini. Watoto wetu wa darasa la pili wanaihifadhi.

Sasa itazame vizuri. Kosa lake lilikuwa kuziba njia mbili kwa pamoja, ya kulishwa na ya kujitafutia. Mwenye kumwacha paka mzima aende zake amemwachia njia ya pili, na hapo hana lawama. Lakini paka asiye na miguu ya nyuma, ukimweka pembeni mwa soko, umemwachia njia gani? Hakimbii, hapandi ukuta, hakamati hata mende. Mbwa akija hawezi kumkwepa. Mlango wa nyumba uko wazi, lakini miguu imefungwa. Huyo hukumpa uhuru, ulichofanya ni kumhamishia kifungo chake barabarani ili usisikie akilia. Tofauti yako na yule mwanamke ni kwamba yeye alikuwa na paka wake ndani akimwona.

Na kusema "Allah atamruzuku" ni kweli, Yeye ndiye Mwenye kuruzuku. Lakini riziki hupitishwa mikononi mwa waja. Alipofika mlangoni kwako akijiburura, aliletwa kwenye riziki yake, nawe ukamfungia.

Hoja ya tatu: "Mkojo wake ni najisi, na nyumba yetu inasaliwa."

Hii angalau ni hoja ya fiqhi, basi tuijibu kwa fiqhi. Ni kweli, mkojo na kinyesi cha paka ni najisi kwetu. Lakini paka mwenyewe si najisi. Katika Sunan ya Abu Daud na ya Tirmidhi imo habari ya Abu Qatada (r.a.), aliyemwinamishia paka chombo cha maji ya udhu ili anywe. Kabsha bint Kaab, mke wa mwanawe, alipomtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa paka si najisi, yumo miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani.

Na kushika najisi hakuvunji udhu. Unaosha mahali palipoingia, basi. Tenga kanga kuukuu au shati la kazi kwa ajili ya kumhudumia, ulivue kabla ya sala. Mlaze kwenye kona isiyosaliwa, juu ya matambara yanayofulika. Sakafu ikimwagikiwa, ondoa najisi yenyewe kwanza, kisha mimina maji juu yake. Hakuna sala iliyoharibika hapo. Mama zetu wanalea watoto wachanga wanaokojoa kutwa mara kumi, na hawaachi sala, wala hakuna aliyewahi kusema mtoto atupwe kwa sababu ya najisi. Najisi ni jambo la kuoshwa, Sharia haikuifanya kisingizio cha kuua.

Hoja ya nne: "Pesa hizo afadhali wapewe mayatima."

Masha Allah, maneno mazuri. Lakini muulize msemaji: baada ya kumtupa paka, yatima gani alipelekewa hizo pesa? Mara nyingi hakuna. Yatima anatajwa ili kumnyima paka, na kesho yake atatajwa mwingine ili kumnyima yatima.

Hakuna anayesema uchukue Zaka umtibu paka. Zaka ina watu wake, mafungu manane yanayojulikana. Na kama mfuko hauruhusu kumwita daktari kila wiki, Allah haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Lakini tazama anachohitaji huyu mgonjwa: boksi, matambara, maji ya uvuguvugu, konzi ya ndagala, na mtu wa kumsaidia mara nne kwa siku. Sehemu kubwa ya dawa yake ni muda, na muda huo huo ndio tunaoumaliza barazani tukibishana mpira.

Hoja ya tano: "Haya ni mambo ya Wazungu."

Subhanallah! Kwa hiyo mwenye kusamehewa madhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu alikuwa Mzungu? Ngamia aliyetokwa machozi mbele ya Mtume (s.a.w.) katika bustani ya Ansari, akampapasa mpaka akatulia, kisha akamkanya mwenyewe kwa kumshindisha njaa na kumchosha, habari hiyo ilitokea Ulaya au Madina? Mwingereza Edward Lane, aliyeishi Cairo karne ya 19, aliandika kwamba Sultani Baybars, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 1260 hadi 1277, aliweka wakfu wa bustani kwa ajili ya paka wasio na mwenyewe, na kwamba katika mji ule paka bado walikuwa wakiletewa chakula. Mzungu ndiye aliyeshangaa na kuandika. Wenye desturi walikuwa Waislamu. Tumeiacha mali yetu barabarani, mwingine akaiokota, nasi tukiiona mkononi mwake tunasema ni yake.

Wala hatuhitaji kujazia hadithi za kutunga. Wapo wanaosimulia kisa cha paka wa Mtume aliyelala juu ya mkono wa kanzu, kanzu ikakatwa. Kisa hicho hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Tuacheni. Yaliyo sahihi yanatosha, na tatizo letu halikuwa uchache wa dalili.

KUMHUDUMIA: KAZI YENYEWE

Polemiki bila kazi ni kelele. Haya ndiyo ya kufanya.

1. Mnyanyue vizuri. Paka mwenye maumivu huuma hata aliyemlea. Mfunike taulo, mteleze juu ya ubao au kipande cha boksi, usimkunje mgongo. Usimwinue kwa mkia abadani. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa. Paka naye huambukiza.

2. Mfikishe kwa daktari wa wanyama mapema iwezekanavyo. Ataangalia kama mfupa umevunjika, na atamminya vidole vya miguu ya nyuma. Zingatia hapa: paka kuuvuta mguu peke yake si ushahidi kwamba anahisi, maana mguu unaweza kuruka bila ubongo kujua. Akigeuza kichwa, akilia au akitaka kuuma, huyo anahisi, na hiyo ni habari njema.

3. Usimpe dawa ya binadamu. Parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol, ni sumu kwa paka. Mwili wake hauwezi kuivunja. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumwua. Na nyingine za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki nazo ni hatari. Wangapi wameua kwa nia ya kutibu!

4. Mpumzishe. Wiki 4 mpaka 6 akae mahali padogo asiporukaruka: boksi kubwa, au tenga la kuku lililotandikwa vizuri. Mgeuze ubavu kila baada ya saa chache kama hawezi kujigeuza, asije akapata vidonda.

5. Kibofu. Hii ndiyo roho ya kazi yote. Mwombe daktari akuonyeshe kwa mkono wake, na wewe ufanye mbele yake kabla hujaondoka. Unakishika kibofu kwa vidole kutoka pande mbili, unakibana polepole na kwa usawa kuelekea nyuma, mkojo utoke mpaka kilegee. Kifanyiwe hivyo angalau mara 3 kwa siku, na mara 4 ni bora. Ratiba yake tunayo tayari: baada ya Alfajiri, baada ya Adhuhuri, baada ya Magharibi, na saa 4 usiku kabla ya kulala. Kikiwa kigumu kama jiwe na hakitoi kitu, usilazimishe, kitapasuka. Mpeleke kwa daktari aingize mpira. Mkojo wenye damu au harufu kali isiyo ya kawaida ni dalili ya maambukizi, nao unahitaji dawa.

6. Usafi. Mkojo ukimkalia ngozini unaiunguza. Mwoshe sehemu za nyuma kwa maji ya uvuguvugu, mkaushe vizuri. Nzi wasimtue, watataga. Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka, amwachie mwingine kazi hiyo.

7. Chakula. Samaki wa kuchemsha au ndagala waliooshwa wakatoka chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana vyote viwili vinamdhuru. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, mpe maji. Asipokula siku mbili, rudi kwa daktari, kwani paka mwenye njaa ya siku kadhaa huharibika ini.

8. Mazoezi. Daktari akisharuhusu, mkunje na mnyooshe miguu ya nyuma polepole, dakika 5 hivi, mara mbili tatu kwa siku, ili misuli isisinyae. Mkia ukibaki umekufa na unaburuzika mpaka una vidonda, daktari huukata. Paka bila mkia anaishi kama kawaida.

Wanafunzi wa madrasa yetu waliwahi kumhudumia paka mmoja wa mtaani namna hiyo, kwa zamu, wakisimamiwa na wakubwa. Mzazi mmoja alinijia baada ya Isha, amekasirika, akasema mtoto wake ameletwa kusoma Qur'ani, hakuletwa kukamua mkojo wa paka. Nikamwambia: mtoto wako amehifadhi hadithi za huruma kwa ulimi, na sasa anazihifadhi kwa mikono. Siku ya 16 paka alikojoa mwenyewe. Mkia ulikatwa. Yule mtoto ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuniambia, mbio, viatu mkononi.

SUBIRA INA MPAKA

Wala nisieleweke kwamba kila paka lazima abakizwe hai kwa gharama yoyote. Hilo nalo ni kosa la upande wa pili. Yupo ambaye uti wa mgongo umekatika, hahisi lolote nyuma, analia usiku kucha, ana vidonda visivyofunga, na daktari amesema hakuna njia. Kumshikilia huyo ili tuonekane wenye huruma ni kumtesa kwa ajili ya sifa zetu.

Hapo wanavyuoni wametofautiana. Katika vitabu vya Shafi'i imeelezwa kwamba haifai kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameruhusu kumwondoshea uhai kwa njia isiyo na mateso, pale ambapo maumivu ni makali na matumaini hayapo. Mwulize sheikh unayemwamini na daktari unayemwamini, uamuzi utoke kwao wawili, usitoke kwenye uvivu wako. Lakini tofauti hiyo yote ni baina ya kumvumilia na kumpumzisha kwa ihsani. Hakuna aliyetaja gunia, wala jiwe la kichwa, wala kutupwa ziwani. Hayo hayana mwanachuoni.

WANAOTUTAZAMA NI WATOTO

Ndugu wazazi, sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Siku mnayomtia paka kwenye gunia, mtoto amesimama mlangoni anaangalia. Anajifunza somo ambalo hakuna ustadh atakayeliondoa kwa fimbo wala kwa dua: kwamba katika nyumba hii, ukishashindwa kutembea, ukishashindwa kuzuia mkojo, ukishanuka, unatolewa.

Na sisi sote tunaelekea huko. Babu aliyepata kiharusi hawezi kuzuia mkojo. Bibi aliyevunjika nyonga anageuzwa ubavu kila baada ya saa chache, asipate vidonda. Anaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, anakaushwa, analishwa kwa kijiko. Ndugu zangu, orodha ya kazi ni ile ile! Simlinganishi mzazi na paka, haki ya mzazi haina mfano, na Allah ameikataza hata "uff" kwa wazazi wawili waliofikia uzee. Ninachosema ni kwamba mikono ni ile ile. Kijana aliyezoea kusafisha kiumbe dhaifu bila kukunja uso akiwa na miaka 12, hatashtuka siku atakapomsafisha baba yake akiwa na miaka 40. Na aliyefundishwa kutupa, akili yake itamtafutia gunia, hata likiitwa jina jingine.

Samaki mkunje angali mbichi.

TUNAYOYATAKA

Kwa hiyo naomba mambo manne, na siyaombi kwa unyonge, kwa sababu ni haki:

Mafundi na madereva wetu wapige boneti na watazame chini ya gari kabla ya kuwasha. Ni jambo la sekunde tano.

Wazazi na waalimu, mtoto anayevuta mkia wa paka akanywe kama anayemtukana mwenzake. Si mchezo. Mmeshaona juu yanakofikia.

Maimamu, khutba moja kwa mwaka juu ya haki za wanyama, na isiishie kwenye kuchinja siku ya Idi.

Na kila mtaa uwe na watu wawili watatu waliofundishwa na daktari namna ya kumkamua paka mkojo na kumbeba bila kumuumiza. Vijana wetu wa madrasa wako tayari, wanachokosa ni ruhusa yetu.

Yule paka aliye kwenye kona ya ua wako sasa hivi, anayejiburura, hakuja kukuchafulia nyumba. Amekuja na mtihani. Maswali yake ni mepesi na majibu tunayo tangu darasa la pili. Aliyebaki ni mtu wa kuinama.

Allah atujaalie huruma kwa viumbe wake, na atupe wa kutuhurumia siku tutakapolemaa. Amin.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.